Somo la Wiki: Kitenzi "miss" na Simu ya Bibi

 

Somo la wiki hii limeletwa na mwanafunzi mmoja wa darasa la kati. Jumamosi iliyopita alinifuata wakati wa mapumziko, amenywea, akaniambia kwamba alizungumza na bibi yake kwa simu na bibi akashtuka. "Mwalimu, mimi nilimwambia kitu kizuri tu," alisema. Alitaka kumwambia bibi yale maneno ambayo kila mtoto wa hapa Uingereza anayajua: "I miss you."

Nikamuuliza alitumia maneno gani ya Kiswahili. Akajibu: "Nilisema, Bibi, nimekukosea sana."

Bibi, aliyeko Tanga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umenikosea nini tena, mjukuu wangu? Umefanya nini huko?" Mtoto hakulielewa swali. Akajaribu kujisahihisha: "Mimi na wewe tumekosana, Bibi." Hapo bibi akaomba apewe mama.

Najua baadhi yenu mmecheka. Hata mama yake alicheka, baada ya kumtuliza bibi. Lakini mtoto hakucheka. Alikuwa na jambo kubwa la kusema na maneno yakamgeuka mdomoni. Tena si kwamba alikuwa mvivu. Alifungua kamusi, akatafuta "miss", akakuta "kosa", akalitumia. Kamusi haikumdanganya. Ilimpa jibu la swali jingine.

Leo basi tutajifunza kitenzi hiki kimoja cha Kiingereza na maneno ya Kiswahili yanayofanya kazi zake. Mkishalimaliza somo hili, hakuna bibi atakayeshtuka tena.

"Miss" na "kosa" zilianza pamoja

"Miss" ni kitenzi cha zamani sana. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kiliandikwa "missan", na maana yake ya mwanzo ilikuwa kukosa shabaha: umelenga, umetupa, haikufika. Ni ndugu wa kile kipande "mis-" mnachokiona mwanzoni mwa "mistake" na "misspell", yaani jambo lililokwenda kombo.

Sasa litazameni neno letu "kosa". Mchezaji amekosa goli. Mwanafunzi amefanya kosa katika hesabu. Neno moja linabeba yote mawili, kutofika ulikolenga na kufanya jambo lisilo sahihi. Kwa hiyo mpaka hapo "miss" na "kosa" ni kama marafiki wanaokwenda njia moja.

Kisha njia ikagawanyika. Neno la Kiingereza liliendelea mbele: kutoka kukosa shabaha, likafika kwenye kutokipata kitu unachokitafuta, na mwisho likaingia moyoni, kuhisi kwamba mtu unayempenda hayupo karibu. "Kosa" halikuingia huko. Kazi ya moyo Kiswahili kilikipa kitenzi kingine kabisa, nacho ni "kumbuka".

Hilo ndilo jambo kuu la somo letu. Mengine yote yanafuata hapo.

(Yule "Miss" mnayemwita shuleni, mwalimu wenu wa kike, ni neno tofauti. Ni kifupi cha "mistress". Kwa Kiswahili mwiteni "mwalimu", awe wa kike au wa kiume.)

Kazi ya 1: Kutofika ulikolenga

Hapa "kosa" ndipo nyumbani kwake. Tumieni bila wasiwasi.

Amekosa penalti.
Alirusha jiwe kwenye embe, akalikosa.
Mshale ulimkosa.

Kama kitu kimepita karibu sana, tunalirudia neno: Gari lilimkosakosa yule paka. Watangazaji wa mpira nao husema kulikuwa na "kosakosa" nyingi langoni, maana yake mipira iliyokaribia kuingia lakini haikuingia. Na yule paka tunaweza kusema kwamba amenusurika, au ameponea chupuchupu.

Kazi ya 2: Basi, treni na ndege

Kiingereza kinasema mimi ndiye niliyelikosa basi. Kiswahili mara nyingi kinaligeuza jambo. Basi ndilo linalotenda, mimi nimebaki nimesimama:

Basi limeniacha.
Treni imetuacha.
Shangazi ameachwa na ndege.

Mnaweza pia kutumia kitenzi "wahi", yaani kufika kabla ya muda kwisha: Nilikimbia lakini sikuliwahi basi.

Je, "nimekosa basi" si Kiswahili? Ni Kiswahili, lakini mtu wa Dar es Salaam anaweza kuelewa jambo jingine: kwamba ulisimama kituoni na hukupata basi lolote, labda yote yalikuwa yamejaa. Kama basi lako limeondoka ukiliona kwa macho, sema limekuacha.

Kazi ya 3: Shule, sherehe na mialiko

Hapa "kosa" linarudi.

Nilikosa darasa kwa sababu niliumwa.
Tangu Septemba hajakosa hata siku moja.

Katika barua rasmi kwa mwalimu, mzazi anaweza kuandika "hakuhudhuria". Na kwenye mialiko mtaliona neno hili kila mara: "Usikose", au kwa watu wengi, "Msikose". Mama akikwambia uje nyumbani saa kumi "bila kukosa", ujue hapo hakuna mjadala.

Na kama hukuja kwenye sherehe, na wenzako wanakusimulia ilivyokuwa, watasema: Umepitwa! Jambo zuri limepita na wewe hukuwepo. Hilo ndilo neno la kutumia mkikuta wenzenu wamemaliza sambusa zote.

Kazi ya 4: Kutosikia, kutoona, kuruka

Mwalimu amesema neno na hukulipata. Usiseme "nimekukosa, mwalimu". Sema tu kilichotokea: Samahani mwalimu, sikusikia.

Umefanya mtihani ukasahau swali la tano: Umeruka swali la tano.

Unapaka ukuta rangi na kuna mahali pamebaki: Hapa hujapaka.

Mtu amekupigia simu na hukupokea: Nimeona ulinipigia, sikuwahi kupokea.

Umeeleza jambo na mwenzako ameelewa kingine: Hukunielewa.

Na hili lipendeni, kwa sababu ni zuri. Wewe umekwenda kwa rafiki yako, kumbe naye alikuwa njiani kuja kwenu. Kiswahili kina neno moja kwa jambo hilo: Tumepishana. Kama ulikwenda kwake tu na hukumkuta, utasema: Nilikuja nikakukosa. Hapo "nikakukosa" ni sawa kabisa, maana ulimtafuta na hukumpata.

Kazi ya 5: Kitu hakipo

Kiingereza kina "missing", nalo latokana na kitenzi hichohicho. Kiswahili kinauliza kwanza: ni kitu gani, na kimekuwaje?

Kitabu changu hakionekani. (Nimekitafuta.)
Paka wetu amepotea. (Hatujui aliko.)
Nani hayupo leo? (Mwalimu anaita majina.)
Tulikuwa kumi, mmoja amepungua. (Tumehesabu.)

Na kwa jino lililong'oka tunalo neno "pengo". Wengi wa darasa la watoto wadogo wana pengo mbele hivi sasa, na wanalionyesha kwa furaha. Kumbukeni neno hilo, kwa sababu watu wazima wanalitumia pia kwa jambo zito. Mtu anayependwa akifariki, tunasema ameacha pengo. Jino la mtoto litaota tena, lakini pengo la babu halizibiki.

Kazi ya 6: Moyo

Sasa tumefika kwa bibi.

Unapotaka kumwambia mtu kwamba humwoni, kwamba siku zimekuwa ndefu, na kwamba ungependa awe karibu, sema:

Nimekukumbuka sana.

Kiswahili kinasema hivi: mtu aliye mbali nimemleta karibu kwa fikra. Kila lugha ina njia yake. Wale wenu ambao wazazi wao wametoka Congo au Burundi na wanajua Kifaransa watawaambia kwamba Kifaransa husema "tu me manques", yaani wewe ndiwe unayepungua kwangu. Kiingereza kilianza na mshale uliokosa shabaha. Sisi tumeanza na kumbukumbu.

Angalieni vizuri hiyo "-me-" ya katikati. Mjomba akija kutoka Mombasa baada ya miaka mingi, atakutazama na kukuuliza: "Unanikumbuka?" Ukijibu "Nakukumbuka, mjomba," umesema tu kwamba hujamsahau, unajua yeye ni nani. Ukisema "Nimekukumbuka, mjomba," umesema kwamba ulikuwa unataka kumwona. Herufi chache tu zimebadilika, lakini sentensi ya pili ndiyo itakayomfanya akukumbatie. Wako watu wanaosema pia "nakukumbuka sana" kwa maana ya moyo, na neno "sana" pamoja na sauti yako hulifafanua. Lakini ukitaka kuwa na uhakika, tumia "nimekukumbuka".

Kwa watu wengi: Nimewakumbuka wote.
Kwa mahali: Nimekumbuka nyumbani.

Neno la pili ni "hamu". Nina hamu ya kukuona, Bibi. Mama wa Zanzibar au Mombasa anaweza kumwambia mwanawe kwa kifupi, "Nina hamu nawe." Ninyi watoto malizieni sentensi, "hamu ya kukuona", ndiyo iliyo wazi popote. Hamu hutumika hata kwa chakula: nina hamu ya urojo, nina hamu ya mahamri kwa mbaazi.

Wenzetu wa Muscat wana neno la tatu linalowafurahisha, "shauku". Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa "mushtaq", neno ambalo Mwarabu hulisema akiwa na hamu na mtu. Nina shauku ya kukuona.

Na la nne ni "tamani": Natamani ungekuwa hapa.

Mtanionya kwamba binamu zenu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaandika "nimekumiss". Ni kweli, wanaandika, na baina yao wanaelewana. Mkiwa na binamu zenu, haya. Lakini bibi mwachieni neno lake.

Onyo moja dogo. Mama akiwa amekasirika, akakwambia "Siku moja utanikumbuka!", hakuambii kwamba ana hamu nawe. Anakwambia kwamba siku akiwa hayupo, utaona thamani ya anayokufanyia. Amka ukaoshe vyombo.

Ukoo wa "kosa": chungeni mwisho wa neno

Yule mwanafunzi wetu alifanya makosa mawili, na yote mawili yalikuwa mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili mwisho wa kitenzi hubadilisha mambo mengi. Tazameni:

Kosa: kutopata, au kufanya jambo lisilo sahihi. Amekosa usingizi. Amekosa adabu.
Kosea: kufanya kosa katika jambo, au kumfanyia mtu ubaya. Nimekosea njia. Nisamehe, nimekukosea.
Kosana: kugombana, kutoelewana. Majirani wamekosana.
Kosekana: kutopatikana. Maji yalikosekana siku mbili.
Kosesha: kumfanya mtu asipate. Mbu wamenikosesha usingizi.
Kosoa: kuonyesha makosa ya kazi au ya mtu. Mwalimu amenikosoa.
Ukosefu: hali ya kutokuwa na kitu. Ukosefu wa maji.
Mkosaji: mtu aliyefanya kosa.

Sasa someni tena mazungumzo ya mwanzo. "Nimekukosea sana" maana yake nimekufanyia ubaya mkubwa. "Tumekosana" maana yake tumegombana. Bibi alisikia mjukuu anakiri kosa, kisha anatangaza ugomvi. Nani asingeomba apewe mama?

Jambo moja la kufurahisha ni kwamba bibi aliuliza swali lililo sahihi. Hakukasirika. Aliuliza "umenikosea nini?" kwa sababu wazee wetu wanajua kwamba mtoto anayesema "nimekukosea" anastahili kusikilizwa. Kuna methali isemayo: Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Neno hilo lihifadhini kwa siku ambayo kweli mmemkosea mtu.

Na bibi naye husemaje?

Hapa kuna siri ambayo watoto wengi wa huku hawajaambiwa. Mara nyingi bibi akiwa na hamu nawe hasemi "nimekukumbuka". Anasema maneno ambayo mtoto aliyekulia huku anaweza kuyasikia kama lawama:

"Umepotea wewe!"
"Umeadimika siku hizi."
"Mbona kimya hivyo?"
"Mmetutupa jamani."

Mtoto mmoja alimjibu babu yake: "Sijapotea, Babu, niko chumbani kwangu." Jibu lilikuwa la kweli, lakini hakujibu alichoulizwa. "Umepotea" maana yake siku nyingi sijakuona wala kukusikia. "Umeadimika" ni kwamba umekuwa kama bidhaa isiyoonekana sokoni. "Mmetutupa" ndilo zito zaidi, na wazee hulisema huku wakicheka kidogo, lakini ndani yake mna ukweli. Yote manne yana maana moja: ningependa kukusikia mara nyingi zaidi.

Mnajibuje? Hivi:

"Sijapotea, Bibi, nipo. Masomo tu yamenibana."
"Tutawatupaje, Babu? Tunawakumbuka kila siku."
"Nisamehe kwa kimya, Nyanya. Nimekukumbuka sana."

Nimeandika "bibi" kwa sababu ndivyo Tanzania inavyosema. Kama kwenu ni Kenya na mnamwita "nyanya", mwiteni nyanya. Huko Kenya wengi wakisikia "bibi" humfikiria mke wa mtu.

Zoezi

Msianze na Kiingereza. Msijiulize "miss" kwa Kiswahili ni nini, kwa sababu swali hilo halina jibu moja. Jiulizeni: kimetokea nini? Kuna kitu kimeondoka? Kuna kitu hakipo? Au kuna mtu moyoni? Kisha semeni hicho.

1. Umefika kituoni, mlango wa treni umefungwa, imeondoka. Mwambie baba kwa simu.
2. Timu yako ilipata penalti, mpira ukapita juu. Msimulie rafiki.
3. Hukuja shuleni Jumamosi kwa sababu ya homa. Mwambie mwalimu.
4. Umekwenda kwa shangazi, naye wakati huohuo amekuja kwenu. Mwambie.
5. Umehesabu penseli za rangi. Zilikuwa kumi na mbili, sasa ni kumi na moja.
6. Mdogo wako anasoma kwa sauti na amepita mstari mmoja bila kuusoma. Mwambie.
7. Umevunja kikombe ambacho mama anakipenda. Mwombe radhi.
8. Hujamwona babu tangu mwaka juzi. Mwambie.

Majibu. Funikeni kwanza kwa mkono!

1. Baba, treni imeniacha.
2. Tulipata penalti, lakini tukaikosa.
3. Mwalimu, nilikosa darasa kwa sababu nilikuwa na homa.
4. Shangazi, tumepishana!
5. Penseli moja imepungua. (Au: Penseli moja haionekani.)
6. Umeruka mstari.
7. Nisamehe mama, nimekosea. Nimevunja kikombe chako.
8. Babu, nimekukumbuka sana. Nina hamu ya kukuona.

Aliyepata sita na kuendelea amefanya vizuri. Aliyekosa la nane arudie mpaka alipate, hata kama mengine yote amepata.

Mazungumzo ya kusoma wawili wawili

Mmoja awe bibi, mwingine mjukuu. Kisha badilishaneni.

Mjukuu: Shikamoo Bibi.
Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Umepotea wewe!
Mjukuu: Sijapotea, Bibi. Shule tu. Hujambo lakini?
Bibi: Sijambo. Miguu kidogo inauma, uzee huo. Mbona Jumapili hukupiga?
Mjukuu: Tulikwenda kwenye harusi. Nilipoona umenipigia, huko kwenu ilikuwa usiku. Sikutaka kukuamsha.
Bibi: Hata ungeniamsha tu.
Mjukuu: Bibi, nimekukumbuka sana.
Bibi: Na mimi nimekukumbuka. Unakuja lini?
Mjukuu: Mama anasema labda likizo ya Desemba. Nina hamu ya kukuona, na nina hamu ya maandazi yako.
Bibi: Maandazi au mimi?
Mjukuu: Wewe kwanza, Bibi. Maandazi baadaye.

Mjukuu asisahau "shikamoo" mwanzoni. Simu isiyoanza na salamu husikika kama imekatika.

Kwa wazazi

Wazazi, naomba dakika moja.

Wengi wa watoto wetu wanamjua bibi yao kwa simu. Hawajawahi kukaa naye kibarazani wala kutumwa dukani. Walichonacho ni yale mazungumzo mafupi ya mwisho wa wiki, na katika mazungumzo hayo mara nyingi sisi ndio tunaosema kwa niaba yao: "Anakusalimu, anasema amekukumbuka." Bibi anafurahi, lakini amesikia sauti yetu, si ya mjukuu. Na mabibi hawatusubiri milele mpaka Kiswahili cha watoto kikamilike.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza, mtoto akikosea neno kama alivyokosea mwenzao, msimcheke mbele ya simu, wala msihamie Kiingereza haraka. Mwulizeni kwa upole: "Unataka kumwambia umemkumbuka?" Mwache arudie mwenyewe. Akirudia mara moja kwa sauti yake, neno limekuwa lake.

La pili, yatumieni maneno haya nyumbani. Baba akirudi kutoka safarini, mama akitoka zamu ya usiku, mwambieni mtoto "nimekukumbuka". Mtoto hawezi kumpa bibi neno ambalo yeye mwenyewe hajawahi kupewa.

La tatu, mfafanulieni mtoto maneno ya wazee. Bibi akisema "mmetutupa", tusimwache mtoto adhani amegombezwa. Mwambieni: hivyo ndivyo bibi anavyosema kwamba anakupenda na uko mbali.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii kila mwanafunzi ampigie simu mtu mmoja aliye mbali: bibi, babu, shangazi, mjomba, au rafiki aliyehama. Aanze na salamu. Aseme "nimekukumbuka" mwenyewe, bila kusaidiwa. Kisha asikilize jibu na aliandike kwenye daftari kama alivyolisikia, neno kwa neno. Jumamosi tutasoma majibu hayo darasani, na nadhani tutapata maneno ambayo hayamo katika somo hili.

Yule mwanafunzi wetu alishaifanya kazi yake. Mama yake ameniambia kwamba juzi alichukua simu mwenyewe, akaenda nayo ngazini, akasema polepole: "Bibi, sikukukosea. Nimekukumbuka." Bibi akacheka sana, kisha akanyamaza, kisha akamjibu: "Hata mimi, mjukuu wangu, nimekukumbuka mpaka basi."

Safari hii hakuomba apewe mama.

Tukutane Jumamosi. Msikose.